Neville Chittick

Hubert Neville Chittick (1924 – 1984) alikuwa mwanaakiolojia wa Uingereza aliyefanya kazi nchini Sudan, Tanzania, Kenya, Somalia na Ethiopia. Anajulikana hasa kwa uchimbaji wake katika magofu ya Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, uliofanyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1965. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1974 katika juzuu mbili ambazo hadi leo ni msingi wa kila utafiti kuhusu mji huo.

Sehemu kubwa ya sifa yake, na pia ya mabishano juu ya kazi yake, inatokana na vitu vidogo: sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Kabla yake wataalamu walikuwa wamekusanya sarafu hizo na kujaribu kuzipanga kulingana na majina ya watawala yaliyomo katika habari za kale. Orodha zao zilikuwa na mapengo mengi. Chittick alitafuta sarafu zilizokosekana ardhini, tabaka baada ya tabaka, akaweka mpangilio mpya wa historia ya Kilwa. Mpangilio huo ulirekebishwa kwa sarafu zilizogunduliwa Pemba mwaka uleule aliofariki.

## Kazi nchini Sudan

Chittick aliingia katika akiolojia ya Afrika kupitia Sudan, alikofanya kazi katika idara ya mambo ya kale wakati wa miaka ya 1950. Pamoja na mwanaakiolojia Peter Shinnie alishughulikia magofu ya monasteri ya Kikristo ya Ghazali, kaskazini mwa nchi, na kitabu chao kuhusu mahali hapo kilitolewa mwaka 1961.

Kazi hiyo ilimzoesha mambo mawili aliyoyahitaji baadaye pwani: kuchora ramani za majengo yaliyoanguka, na kupanga vigae vya vyombo vya udongo kwa wakati wake. Kigae kilichovunjika hakina thamani sokoni, lakini kwa mchimbaji ndicho kinachoonyesha umri wa sakafu kilipokutwa.

## Kufika Tanganyika

Mwaka 1957 serikali ya Tanganyika ilianzisha idara ya mambo ya kale, na Chittick akawa mkuu wake wa kwanza. Pwani ilikuwa na magofu mengi ya misikiti, makaburi na nyumba za mawe, lakini machache tu yalikuwa yamechimbwa kwa utaratibu. Miaka miwili kabla, mwanaakiolojia mashuhuri Mortimer Wheeler alikuwa ametembelea pwani hiyo na kuvuta macho ya wataalamu wa Ulaya kwa wingi wa vigae vya kauri za China vilivyotapakaa katika magofu.

Eneo lililomvutia Chittick zaidi lilikuwa pwani ya kusini, kati ya mdomo wa mto Rufiji na ule wa mto Ruvuma, ambao chanzo chake kiko katika milima ya Matogoro karibu na Songea. Katikati ya pwani hiyo kuna visiwa vya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Sanje ya Kati. Upande wa kaskazini, mbele ya delta ya Rufiji, kuna Mafia. Visiwa hivyo vilikuwa kiini cha usultani wa Kilwa, ambao katika karne ya 14 ulitawala biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, katika Msumbiji ya leo.

Uchimbaji wake wa mapema ulifanyika Kisimani Mafia, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1961. Habari za kale za Kilwa husema kwamba sultani wa kwanza alimpa mwanawe utawala wa Mafia. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana Kisimani zilikuwamo sarafu za masultani wa Kilwa, ushahidi kwamba visiwa hivyo viwili viliwahi kutumia fedha moja.

## Sarafu za Kilwa kabla ya Chittick

### Habari za masultani

Historia ya masultani wa Kilwa ilijulikana kupitia maandishi mawili. La kwanza liko katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotolewa mwaka 1552, ambamo mwandishi alifupisha habari zilizoletwa na Wareno baada ya kuuteka mji mwaka 1505. La pili ni hati ya Kiarabu ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa balozi wa Uingereza John Kirk katika karne ya 19. Hati hiyo iko London na ilichapishwa mwaka 1895.

Maandishi yote mawili husimulia kwamba nasaba ya kwanza ya masultani ilitoka Shirazi, nchini Uajemi. Hati ya Kiarabu hutaja merikebu saba, na husimulia jinsi mgeni alivyokinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji wake kwa nguo za kutosha kukizunguka. Lakini maandishi hayo hayakubaliani katika majina yote, wala katika urefu wa kila utawala. Kuna watawala wanaotajwa na moja na kusahauliwa na jingine. Kwa hiyo wataalamu walitazamia kwamba sarafu zingesaidia kuamua nani alitawala kweli na lini.

### Sarafu zenyewe

Sarafu nyingi za Kilwa ni vipande vidogo vya shaba, vyenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Upande mmoja hubeba jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyotungwa ili yapatane kwa kina na jina hilo. Ukizisoma pande zote mbili kwa pamoja unapata ubeti mfupi. Desturi hiyo ni nadra katika sarafu za Kiislamu, na ni alama inayozitambulisha sarafu za pwani hii.

Jambo gumu ni kwamba sarafu hizo hazina tarehe. Dinari za makhalifa wa Baghdad au Kairo kwa kawaida huandikwa mwaka wa Hijria na mji zilikofuliwa. Sarafu za Kilwa hazina hata kimoja kati ya hivyo. Sultani hutambulika kwa jina lake na la baba yake tu. Na kwa kuwa majina kama Hasan, Sulaiman, Ali na Daud yalirudiwa kizazi baada ya kizazi, jina peke yake mara nyingi halitoshi kuamua ni sultani yupi.

### Walker na Freeman-Grenville

Mtaalamu wa kwanza aliyezipanga sarafu hizo kikamilifu alikuwa John Walker wa Makumbusho ya Uingereza mjini London. Mwaka 1936 alichapisha utafiti kuhusu historia na sarafu za masultani wa Kilwa, na mwaka 1939 akaongeza sarafu nyingine zilizomfikia baadaye. Walker alilinganisha kila jina lililosomeka na orodha za hati mbili, kama mkusanyaji anayejaza nafasi katika kasha lake. Nafasi kadhaa zilijaa. Nyingine zilibaki tupu, kwa kuwa masultani wengi wanaotajwa katika hati hawana sarafu inayojulikana.

Kulikuwa pia na tatizo la kinyume. Sarafu nyingi zilibeba jina la cheo la Nasir al-Dunya, ambalo halimo katika hati yoyote. Hapo mkusanyaji alikuwa na sarafu mkononi lakini hakuwa na sultani wa kumpa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville aliendeleza kazi hiyo. Alikusanya habari za sarafu zilizopatikana mahali pengi pa pwani, akazichapisha katika makala kadhaa za miaka ya 1950 na 1960. Kwa kufuata hesabu ya miaka katika hati, aliuweka mwanzo wa nasaba ya Kishirazi katikati ya karne ya 10, na sarafu za Ali bin al-Hasan akazihusisha na mwanzilishi huyo.

Sarafu nyingi zilizotumiwa na wataalamu hao zilikuwa zimeokotwa juu ya ardhi au kupitia mikononi mwa watu kabla ya kufika makumbusho. Ziliweza kusema jina la sultani, lakini hazikuweza kusema zilikuwa zimelala chini ya nini na juu ya nini. Pengo hilo ndilo Chittick alilotaka kuliziba.

## Uchimbaji wa Kilwa

### Matabaka

Chittick alianza kazi Kilwa akiwa mkuu wa idara ya mambo ya kale, akaiendeleza baada ya kuhamia taasisi ya utafiti ya Uingereza katika Afrika ya Mashariki mwaka 1961. Kwa misimu kadhaa alichimba kwenye Msikiti Mkuu, katika makazi yaliyouzunguka, na kwenye majengo ya Husuni Kubwa na Husuni Ndogo yaliyoko mashariki mwa mji wa kale. Alichunguza pia magofu ya visiwa jirani.

Njia yake ilikuwa kusoma ardhi kama kitabu kinachoanzia chini. Kila kizazi cha wakazi kiliacha takataka, majivu, vigae na sakafu za chokaa juu ya zile za waliotangulia. Sarafu iliyokutwa chini ya sakafu isiyovunjwa haiwezi kuwa imeanguka hapo baada ya sakafu kujengwa. Kwa hiyo sakafu ni changa kuliko sarafu, au ya wakati wake.

Kwa kuwa sarafu za Kilwa hazina mwaka, Chittick ilimbidi azitafutie umri kutoka kwa majirani zake ardhini. Alitumia vyombo vilivyoletwa kutoka ng'ambo: vyombo vya Kiislamu vyenye rangi na michoro ya kukwaruza, na kauri za China. Kama aina fulani ya chombo inajulikana kutengenezwa katika karne fulani, sarafu iliyolala pamoja nayo hupata tarehe ya kukadiria.

Kwa njia hiyo aliigawa historia ya Kilwa katika vipindi. Kipindi cha kwanza, tangu karibu mwaka 800 hadi mwishoni mwa karne ya 12, kilikuwa cha kijiji na baadaye mji mdogo, wenye nyumba za miti na udongo. Cha pili kilianza mwishoni mwa karne ya 12: majengo ya mawe yaliongezeka, na sarafu za Ali bin al-Hasan zikajitokeza. Kipindi cha tatu kilianza mwishoni mwa karne ya 13, na ndicho cha utajiri mkubwa, wakati wa nasaba ya Mahdali.

### Husuni Kubwa

Kazi iliyomletea sifa kubwa ni kufukua Husuni Kubwa, jengo lililosimama juu ya genge linalotazama bahari. Chini ya kifusi alikuta jumba lenye zaidi ya vyumba mia moja, nyua, ukumbi wa wazi wenye ngazi na birika la kuogea lenye pembe nane. Maandishi yaliyochongwa katika jiwe yalimtaja al-Hasan bin Sulaiman kwa cheo cha kifalme.

Jina hilo lilijulikana tayari kutoka kwa sarafu na kwa hati. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa pia Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, ndiye aliyetembelewa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Hapo vitu vinne vilikutana: hati, msafiri, jiwe na sarafu. Kwa mtafiti wa Kilwa hiyo ilikuwa nafasi moja katika kasha iliyojazwa bila shaka yoyote, na ikawa nguzo ya kupimia nyingine zote.

Sarafu ya shaba ya sultani huyo ilipatikana pia katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini. Ni ushahidi wa nadra, kwani kwa kawaida sarafu za Kilwa hazikwenda mbali. Zilitumika hasa katika mji wenyewe na visiwa vya karibu, ilhali biashara ya bara ilifanyika kwa nguo, shanga na bidhaa nyingine. Sarafu chache za Kilwa ziliokotwa hata katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na askari mmoja mwaka 1944. Jinsi zilivyofika huko bado inabishaniwa.

Al-Hasan bin Sulaiman ndiye pia sultani wa pekee wa Kilwa ambaye sarafu zake za dhahabu zinajulikana. Ni tatu tu zilizoelezwa na mtaalamu Helen Brown mwaka 1991, miaka saba baada ya kifo cha Chittick. Inastaajabisha kwamba mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala umeacha sarafu chache kiasi hicho za madini hayo. Dhahabu ilikuwa bidhaa ya kusafirisha, na shaba ilikuwa fedha ya sokoni.

## Sarafu na suala la Washirazi

Mwaka 1965 Chittick alitoa makala yake yenye athari kubwa kuliko zote, kuhusu kuja kwa Washirazi katika Afrika ya Mashariki. Hoja yake ilikuwa rahisi. Kama Ali bin al-Hasan ndiye mwanzilishi wa nasaba ya Kishirazi, na kama sarafu zake hazionekani kabla ya matabaka ya mwisho wa karne ya 12, basi nasaba hiyo ilianza karibu mwaka 1200. Tarehe zilizotokana na hati zilikuwa zimekosea kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Alikwenda mbele zaidi. Kwa maoni yake waanzilishi hao hawakutoka moja kwa moja Uajemi, bali walikuwa watu waliokwisha kukaa katika pwani ya Banadir, katika Somalia ya leo, kabla ya kuhamia kusini. Mwaka 1973 alirudia suala hilo katika jarida la wataalamu wa sarafu, akipanga upya miaka ya masultani na sarafu zao.

Hoja hiyo ilibadilisha vitabu vya historia. Kwa karibu miaka ishirini, wanafunzi wa Afrika ya Mashariki walifundishwa tarehe ya Chittick badala ya ile ya hati. Uzito wake ulitokana na kwamba kwa mara ya kwanza historia ya mji wa Waswahili ilijengwa juu ya vitu vilivyochimbwa na kupimwa, si juu ya masimulizi peke yake.

Hata hivyo ilikuwa na sehemu dhaifu. Ilitegemea kutokuwepo kwa sarafu katika matabaka ya zamani zaidi. Mashimo ya mchimbaji hugusa sehemu ndogo tu ya mji, na kadiri anavyokwenda chini ndivyo eneo analofikia linavyopungua. Aidha, sarafu huendelea kutumika baada ya mtawala aliyeitoa kufa. Sarafu za Ali bin al-Hasan zilipita mkono kwa mkono kwa muda mrefu, kwa hiyo wingi wake katika tabaka fulani hauonyeshi lazima wakati zilipofuliwa.

## Taasisi na jarida la Azania

Kuanzia 1961 hadi 1983 Chittick alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya Uingereza ya historia na akiolojia, ambayo baadaye iliitwa British Institute in Eastern Africa. Taasisi ilianzia Dar es Salaam, kisha makao yake yakahamia Nairobi katikati ya miaka ya 1960.

Mwaka 1966 taasisi ilianzisha jarida la *Azania*, na Chittick akawa mhariri wake. Katika toleo la kwanza alitoa taarifa ya awali ya uchimbaji wa Kilwa, pamoja na maelezo ya sarafu sita za kale zilizopatikana karibu na Tanga. Mwaka uliofuata alieleza akiba ya sarafu iliyopatikana karibu na Kilwa. Habari fupi za namna hiyo huonekana ndogo, lakini ndizo zilizowawezesha watafiti waliokuja baadaye kujua kila sarafu ilitoka wapi na ilikutwa pamoja na nini.

Pamoja na Robert Rotberg alihariri kitabu kuhusu uhusiano wa Afrika ya Mashariki na nchi za Mashariki kabla ya ukoloni, kilichotolewa mwaka 1975.

## Manda, Somalia na Aksum

Baada ya Kilwa, Chittick alihamishia juhudi zake kaskazini. Katika kisiwa cha Manda, kwenye funguvisiwa la Lamu nchini Kenya, alichimba mji uliostawi tangu karne ya 9, wenye kuta za mawe makubwa ya matumbawe upande wa bahari na vyombo vingi kutoka Ghuba ya Uajemi. Kitabu chake kuhusu Manda kilitolewa mwaka 1984. Alisafiri pia katika pwani ya Somalia, na mwaka 1975 aliongoza msafara uliofika Ras Hafun, ambako vilipatikana vigae vya nyakati za Dola la Roma.

Kati ya 1972 na 1974 aliongoza uchimbaji wa Aksum, mji mkuu wa ufalme wa kale wa Ethiopia. Kikosi chake kilichunguza makaburi yaliyo chini ya nguzo kubwa za mawe. Kazi hiyo ilikatizwa na mapinduzi yaliyomwangusha Kaizari Haile Selassie, na taarifa kamili ilitolewa na Stuart Munro-Hay mwaka 1989, baada ya Chittick kufariki.

Aksum nayo ni nchi ya sarafu. Kati ya karne ya 3 na ya 7 wafalme wake walitoa sarafu za dhahabu, fedha na shaba zenye sura na majina yao. Baadhi yao hawajulikani kwa njia nyingine ila kwa sarafu hizo. Ni hali inayofanana na ya Nasir al-Dunya wa Kilwa: mtawala aliyesahauliwa na waandishi akahifadhiwa na kipande cha madini.

## Mwaka 1984 na akiba ya Mtambwe Mkuu

Chittick alifariki mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya kuacha ukurugenzi. Nafasi yake katika taasisi ilikuwa imechukuliwa na John Sutton.

Mwaka huohuo, Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, iligunduliwa akiba ya sarafu iliyofukiwa ardhini: zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo sana, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Mark Horton, Helen Brown na mwenzao W. A. Oddy waliieleza katika jarida la *Azania* mwaka 1986.

Umuhimu wake ulikuwa katika mambo mawili. Kwanza, sarafu za fedha zilikuwa za watawala wa pwani yenyewe, zenye maandishi ya vina kama yale ya Kilwa, na mmoja wa watawala hao aliitwa Ali bin al-Hasan. Pili, dinari za dhahabu zilikuwa na miaka, na ya mwisho kati yake ilifuliwa mwaka 1066. Kilichokosekana katika sarafu zote za Kilwa, yaani tarehe, kilipatikana kwa kuwa mtu mmoja wa Pemba aliweka fedha ya nyumbani na dhahabu ya Wafatimi katika akiba moja.

Kutokana na ugunduzi huo wataalamu wengi sasa humweka Ali bin al-Hasan katika nusu ya pili ya karne ya 11. Tarehe hiyo iko kati ya ile ya hati na ile ya Chittick: wanaofuata hati walikuwa wametangulia mno, na Chittick alikuwa amechelewa kwa zaidi ya miaka mia moja. Sutton, katika historia ya Kilwa aliyoitoa mwaka 1998, alipanga upya vipindi vya mji kwa kuzingatia ushahidi huo.

## Tathmini

Mbali na suala la tarehe, kazi ya Chittick imekosolewa kwa jinsi alivyowatazama Waswahili. Aliona miji ya pwani zaidi kama makazi ya wageni kutoka ng'ambo, na wenyeji wa Kiafrika akawapa nafasi ndogo katika kuiasisi. Tangu miaka ya 1980 uchimbaji wa Horton katika mji wa Shanga, pamoja na utafiti wa wanaisimu kuhusu asili ya Kiswahili, umeonyesha kwamba miji hiyo ilikua kutoka vijiji vya wenyeji waliosema lugha ya Kibantu, wakapokea Uislamu na kushiriki biashara ya bahari. Shanga pia imetoa sarafu ndogo za fedha za zamani kuliko zile za Kilwa, ushahidi kwamba ufuaji wa sarafu katika pwani hii haukuanzia Kilwa.

Ni kweli vilevile kwamba wakosoaji wake wametumia vipimo vyake mwenyewe. Kwa kuwa aliandika kila kitu kilikutwa katika tabaka gani, waliokuja baada yake waliweza kubadilisha tarehe bila kuchimba upya mji mzima. Mkusanyo wa sarafu zilizonunuliwa tu, hata uwe kamili namna gani, usingewapa nafasi hiyo.

Utafutaji wenyewe haujaisha. Katika Songo Mnara, watafiti waliofanya kazi baada ya 2009 walikuta akiba ya zaidi ya sarafu 300 za aina ya Kilwa, na sarafu nyingine ndani ya nyumba na karibu na makaburi, zikionyesha kwamba sarafu hazikuwa fedha ya sokoni tu. Nasir al-Dunya bado hajapata nafasi ya hakika katika orodha ya masultani, na wengi wa masultani wanaotajwa katika hati bado hawana sarafu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Vitu vilivyochimbwa Kilwa, zikiwemo sarafu, huonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam.